Tiki ipo kwenye skrini, seva haijaona kitu

Mama mhazini haviiti chekiboksi, anaviita "vidirisha vya kutiki", na simu yake ya kwanza kuhusu hivyo vidirisha ilinikuta kwenye daladala, siti ya nyuma kabisa, nimebanwa huku na huku, laptop iko kwenye begi na hata kuitoa haiwezekani. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, sasa sikia, hiki kidirisha cha juu kabisa nikikitiki kinajitiki chenyewe, wenzake wa chini wanakiangalia tu.

Wanakiangalia tu! Nilicheka pale kwenye gari mpaka konda akageuka, ila kusema kweli kwa miaka yote niliyofanya kazi hizi sijawahi kupokea ripoti ya bagi (kosa la programu) iliyonyooka kama hiyo, wateja wengi wanakwambia "haifanyi kazi" basi, uchawi uutafute mwenyewe.

Habari yenyewe iko hivi. Kuna SACCOS moja ya mkoani (sitaitaja) ilikuwa na website ya WordPress (programu ya kutengenezea na kuendeshea website), wakataka sehemu ya ndani ambayo mhazini akiingia anaona malipo ya wanachama yaliyoingia kwa simu na kwa benki, anatiki yale aliyoyahakiki, anachagua "Thibitisha" kwenye menyu ya juu, anabonyeza Tekeleza, na mfumo unamtumia kila mwanachama SMS kwamba mchango wako umepokelewa. Kazi ya wiki moja nikajisemea. Imenichukua karibu mwaka mzima ukijumlisha simu zote, na karibu kila simu ilikuwa inahusu vidirisha.

WordPress ina klasi yake (kipande cha programu kilichoandaliwa tayari) inaitwa WP_List_Table, ndo hiyo hiyo inayochora orodha ya makala na orodha ya watumiaji kule ndani, ilikuja na toleo la 3.1 mwaka 2011. Kwa miaka mingi ukifungua faili lake ulikuwa unakuta wenyewe wameiwekea alama kwamba ni ya matumizi ya ndani, yaani wewe mtu wa nje usiitegemee, na kila mtu anayetengeneza plagini (nyongeza za WordPress) akawa anaitumia. Ni kama ule uwanja wa jirani wenye kibao HAKUNA NJIA HAPA na mtaa mzima unapita hapo hapo kwenda dukani. Na mimi nikapita.

Kosa la kwanza lilitokana na mapenzi yangu kwa Kiswahili. Mi nikiandika kodi (code, maandishi ya programu) napenda majina yangu yawe ya kwetu, safu ya jina naiita jina, safu ya kiasi naiita kiasi, kwa hiyo safu ya viboksi nikaiita "chagua". Viboksi vikatokea vizuri tu, cha juu kipo, vya chini vipo, kila kimoja kinakubali tiki. Kumbe ile klasi ina jina moja tu inalolijua kwa safu hii, cb, herufi mbili, na ukiipa jina hilo ndo inafanya mambo yake: kila kiboksi inakiweka ndani ya seli yenye klasi ya CSS (hii ni lebo tu ya seli, si ile klasi ya mwanzo) inayoitwa check-column, na ile JavaScript ya WordPress (kodi inayoendeshwa ndani ya brauza, iko kwenye faili la common.js) inatafuta hiyo check-column na si kitu kingine. Ukiita safu yako "chagua" umepewa seli ya kawaida kama ya jina au ya kiasi, JavaScript inapita inakuona wewe mpita njia tu.

Na mimi nilipofika nyumbani nilifanya nini? Nikaandika JavaScript yangu mwenyewe mistari kama 30 ya kufanya kidirisha cha juu kitiki vya chini, ikafanya kazi, nikalala. Kesho yake ndo nikaja kusoma kodi ya klasi yenyewe na kuona hiyo cb, nikafuta mistari yangu yote, nikabadilisha neno moja, na nikapata zaidi ya nilichoandika kwa sababu ile ya WordPress ina na ujanja wa Shift: unatiki wa kwanza, unashikilia Shift, unatiki wa mwisho, wote wa katikati wanajaa. Tena ukishikilia Shift ukabonyeza kile cha juu, inageuza, waliokuwa na tiki wanaipoteza na waliokuwa hawana wanaipata. Hii ya pili naona watu wachache sana wanaijua. Nilimfundisha mama ule wa kwanza kwa simu na akaupenda kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo mzima, kumbuka hili maana litarudi.

Simu ya pili: natiki watano anathibitishwa mmoja. Hii ilikuwa ya aibu maana ni kitu cha darasa la kwanza la PHP (lugha iliyoandikiwa WordPress). Jina la kiboksi nilikuwa nimeandika malipo badala ya malipo[], na bila yale mabano ya mraba PHP inapokea watano wenye jina moja, kila anayekuja anamfuta aliyetangulia, anabaki wa mwisho. Nikaongeza mabano, dakika mbili, sitaki kuizungumzia zaidi.

Simu ya tatu ndo ilianza kunifundisha adabu. Mama anasema mfumo umemwambia "Malipo 7 yamethibitishwa", kaandika mpaka kwenye daftari lake saba, halafu mchana akiangalia yote saba bado yanasubiri. Mimi nikamjibu jibu la kihandisi, mama jaribu kurefreshi. Mwanangu nimerefreshi mpaka nimechoka.

Kumbe kwenye kiboksi thamani niliyoweka ilikuwa inachukua $item['ID'] kwa herufi kubwa na kwenye databesi safu yangu inaitwa id, herufi ndogo. PHP kwenye jambo hilo haina utani, ID na id kwake ni watu wawili tofauti, kwa hiyo kila kiboksi kilikuwa kinatoka na thamani tupu. Onyo lilikuwepo ila kwenye seva (kompyuta inayoendesha website) ya mteja maonyo yamezimwa yasionekane, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa tupu ikifika kwangu naigeuza namba inakuwa 0, saba zinakuwa sifuri saba, naiambia databesi thibitisha malipo yenye id 0, databesi inatii kabisa, inatafuta, haioni, inarudi kimya bila kosa lolote. Na ule ujumbe wa "Malipo 7"? Nilikuwa nahesabu viboksi vilivyofika, sikuhesabu mistari iliyobadilika. Yaani nilikuwa namsomea mama hesabu ya alichokiomba nikimwambia ndicho kilichofanyika. Hii iliniuma, kwa sababu $wpdb->query inakurudishia yenyewe idadi ya mistari iliyoguswa, ilikuwa mkononi mwangu nikaitupa.

(Na ukisahau kuweka thamani kabisa, yaani hakuna value, brauza inatuma neno "on". Ukiligeuza namba nalo linakuwa 0. Kwa hiyo ukiona "on, on, on" kwenye data iliyofika usihangaike na databesi, rudi kwenye kiboksi.)

Hapo ndo nilipoanza tabia mpya ambayo nilitakiwa kuwa nayo toka mwanzo. Kabla sijagusa kodi nafungua zana za brauza kwa F12, naenda sehemu ya Network, natiki, nabonyeza, naangalia ni kitu gani hasa kimesafiri. Maana tiki ni picha tu. Kiboksi kisicho na tiki hakitumi chochote, hakitumi "hapana", hakitumi sifuri, hakipo kabisa kwenye safari, na kile chenye tiki kinatuma jozi moja ya jina na thamani na tena kama tu kiko ndani ya fomu (kile kipande cha ukurasa kinachokusanya majibu na kuyatuma kwa seva). Haya maneno ya mwisho, kama kiko ndani ya fomu, ndo yaliyonikalisha macho usiku mzima.

Ilikuwa hivi. Mama aliomba sehemu ya kutafuta kwa jina, nikamwekea, nikajaribu kutafuta, inatafuta vizuri, nikapakia nikaenda zangu. Asubuhi simu: mwanangu, kitufe kimekufa, nabonyeza Tekeleza hata hakishtuki, na ule ujanja wako wa Shift nao umekufa.

Mimi nikasikia kitufe, Shift nikaiacha ipite. Nikafungua ukurasa, natiki kidirisha cha juu, vyote vya chini vinajaa, safi. Nabonyeza Tekeleza, kimya. Si kosa, si ukurasa mweupe, kimya, kama unabonyeza picha. Kwenye Network hakuna kilichotoka. Kwenye konsoli hakuna wekundu. Nikaanza kushuku plagini nyingine, nikazizima moja moja, kimya. Nikashuku kashi (nakala za zamani za kurasa zilizohifadhiwa), nikafuta kashi. Nikashuku brauza, nikahamia nyingine. Nikafungua ile view source kusoma HTML (lugha inayojenga ukurasa) mstari kwa mstari: fomu inafunguliwa juu, jedwali katikati, fomu inafungwa chini, kila kitu kiko sawa kabisa, mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe. Saa tano usiku luku ikakata. Nikanunua, nikaingiza zile namba ishirini kwa tochi ya simu, nikarudi.

Kilichoniokoa ni kwamba wakati nasubiri laptop iwake nilirudia maneno ya mama kichwani, na ule ujanja wako wa Shift nao umekufa, nikajiuliza kwa nini Shift ife na kidirisha cha juu kiwe kizima wakati vyote viko kwenye faili moja la JavaScript? Nikafungua common.js. Kidirisha cha juu kinatafuta jedwali alilomo, kinashuka nalo. Shift haitafuti jedwali, inatafuta fomu iliyo karibu juu yake halafu inakusanya viboksi vyote vya hiyo fomu. Kwa hiyo kama jedwali lipo na fomu haipo, cha juu kinafanya kazi na Shift inakufa. Mama alikuwa amenipa jibu saa mbili asubuhi, mimi nimelifikia saa sita usiku.

Nikaandika kwenye konsoli mstari mmoja wa kumuuliza kiboksi fomu yako ni ipi:

document.querySelector('tbody .check-column input').form

Jibu: null. Kiboksi hakina fomu, yatima.

Sababu sasa. Fomu kubwa ilikuwa imefunguliwa juu, ndani yake nikaweka kidiv chenye fomu yangu ndogo ya kutafuta, halafu jedwali, halafu nikafunga fomu kubwa. HTML hairuhusu fomu ndani ya fomu, na brauza ikikutana na hali hiyo haikupigii kelele: ule ufunguzi wa fomu ya pili inauruka kama haujauona, ila kifungio cha fomu ndogo kinakihesabu, na fomu pekee iliyo wazi wakati huo ni ile kubwa, kwa hiyo kinafunga kubwa. Kuanzia hapo kila kinachofuata, jedwali lote na kitufe cha Tekeleza, kiko nje. Na kisanduku cha kutafuta kikabaki ndani ya fomu kubwa, ndo maana kutafuta kulikuwa kunafanya kazi vizuri kabisa, kama kungekufa ningejua toka mwanzo.

Na view source ilinidanganya, au tuseme niliielewa vibaya, kwa sababu inakuonyesha kile seva ilichotuma, haikuonyeshi kile brauza ilichojenga baada ya kukisoma. Ukitaka kuona kilichojengwa unabonyeza kulia unachagua inspect, na pale ilikuwa wazi kabisa kwa mtu yeyote mwenye macho, fomu imejifunga juu kule kabla hata jedwali halijaanza. Nilikuwa nimesoma hati ya kiwanja wakati nyumba iko mbele yangu.

Dawa yenyewe ilikuwa kufuta tagi mbili. Klasi ina na search_box yake ambayo haichori fomu, inategemea fomu yako kubwa, wenzetu walishajua. Nikampigia mama asubuhi, mama imepona. Na Shift? Na Shift mama.

Kuna moja nitaipitia haraka: ile "The link you followed has expired". Mama aliipata siku moja akadhani leseni ya mfumo imeisha na nimekuja kudai hela. Klasi inaweka tokeni ya usalama yenye jina linaloanza na bulk- halafu inamalizia na lile neno la wingi uliloipa kwenye ujenzi wake. Niliipa neno "malipo", nikahakiki bulk-malipo, sawa. Baadaye nikaona lionekane la heshima nikalibadilisha kuwa "Malipo ya Wanachama", na klasi inalisafisha neno hilo kimya kimya, inashusha herufi kubwa na kutoa nafasi, linakuwa malipoyawanachama, mimi huku bado nahakiki bulk-malipo. Sasa hivi jina siliandiki mara mbili, nalichukua kutoka kwenye klasi yenyewe.

Ya SMS lazima niisimulie yote. Mama alithibitisha malipo 30 na kitu, ukurasa ukarudi, bado yote yanaonekana yanasubiri. Akatiki tena, akathibitisha tena, safari hii akaona yametoka. Halafu akabonyeza F5 ajiridhishe, brauza ikamuuliza kwa Kiingereza kama anataka kutuma tena, akasema ndiyo, nani anasoma yale maneno. Hesabu: mara tatu. Siku ya pili mzee mmoja mwanachama akafika ofisini na simu mkononi, ana SMS tatu za "mchango wako wa shilingi 20,000 umepokelewa", anaomba aonyeshwe elfu sitini yake.

Kosa lilikuwa mpangilio. Kwenye prepare_items (sehemu ya klasi inayoandaa orodha) nilikuwa nachota kwanza orodha kutoka kwenye databesi halafu ndo nashughulikia kilichotikiwa, kwa hiyo kazi ilikuwa inafanyika ila orodha iliyochorwa ni ya kabla ya kazi. Nikahamisha shughuli nzima mbele kabisa, kabla ukurasa haujaandika herufi yoyote, kwenye ile ndoano (hook, mahali WordPress inapokuachia uchomeke kodi yako) inayoanza na load-, na ikimaliza inamhamishia mtu kwenye anwani safi ili F5 isirudie kitu. Na SMS ikawa haitumwi kwa sababu mtu katikiwa, inatumwa kama ule mstari umebadilika kweli kutoka inasubiri kwenda imethibitishwa. Mzee alielezwa, akaelewa nusu. Mpaka leo akiniona ananiita bwana elfu sitini.

Desemba ikaja na kufunga mwaka. Mama alikuwa kashanisumbua niweke yote kwenye ukurasa mmoja, hataki kugeuza kurasa, nikamwekea mistari 1,500 kwa ukurasa bila kufikiria. Malipo yalikuwa 1,240, katiki kidirisha cha juu, Thibitisha, Tekeleza. Mfumo ukasema yamethibitishwa 990 na kitu, na safari hii ulikuwa unasema ukweli maana nilishajifunza kuhesabu mistari iliyoguswa, ila hao wengine 240 na ushee wako wapi? Wako chini ya orodha, wamekatwa mkia.

PHP ina mpangilio unaitwa max_input_vars, ukiuacha ulivyo ni 1000, na kila kiboksi kimoja kinahesabiwa. Kikomo hiki kiliingia kwenye toleo la 5.3.9 mwanzoni mwa 2012, baada ya kuonyeshwa kwamba unaweza kuilaza seva kwa kuitumia fomu moja yenye maelfu ya majina yaliyochongwa makusudi ili yagongane. Kwa hiyo PHP ikifika 1000 inaacha kupokea, inaandika onyo kwenye logi, inaendelea na kazi na ilichonacho. Mtumiaji haambiwi. Wengi watakwambia panua hicho kikomo kiwe 5000, unaweza, lakini mwakani wanachama wataongezeka utapanua tena. Mimi nilirudisha ukurasa kuwa mistari 100, mama akanuna, nikamwekea kitufe pembeni cha "Thibitisha yote yanayosubiri" ambacho hakitumi id hata moja, kinatuma amri moja tu na seva inajitafutia yenyewe. Akanuna siku mbili kisha ikaisha.

Na hapo kuna jambo ambalo si bagi ila linazaa kesi kuliko bagi. Ile "chagua zote" inachagua za ukurasa huu tu unaouona, wewe fundi unajua, mtu wa kawaida anasoma ZOTE anaelewa zote. Nimeandika pale pale juu kwa maandishi makubwa: "Umechagua 100 za ukurasa huu kati ya 612".

Sasa ile iliyoniogopesha.

Intaneti ya pale ofisini inasinzia, kutafuta jina ukurasa unapakia upya unaweza kwenda kunywa chai, kwa hiyo nikatengeneza kichujio cha papo kwa papo, unaandika herufi tatu na mistari isiyohusika inajificha pale pale bila kwenda kwa seva. Mama akanisifu. Mimi nikajisifu zaidi.

Alhamisi moja mama alikuwa katiki watatu, si wa kufuta, alikuwa anataka kuwathibitisha. Simu ikalia, akaenda kumpokea mgeni, karudi. Akakumbuka kuna malipo mawili yameingia mara mbili, inabidi yafutwe. Akaandika herufi tatu za jina, wale wengine wakajificha, wakabaki wawili machoni, akawatiki wale wawili, akachagua Futa. Mfumo ukamuuliza "Una uhakika?" Akaangalia skrini, anaona wawili, ni hao hao, ana uhakika. Ndiyo.

Zikafutwa tano.

Mstari uliofichwa kwa CSS uko pale pale, kiboksi chake kina tiki yake, na fomu ikiondoka inaondoka nacho. Kufichwa hakuzuii kusafiri, kinachozuia ni kiboksi kuzimwa, yaani disabled. Na ukiangalia common.js utaona WordPress walishaliwaza hili upande wao, kidirisha chao cha juu kikigusa vya chini kinaviacha vilivyofichwa bila tiki. Kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu, kichujio kilikuwa changu.

Tuligundua Jumatatu, mwanachama mmoja kaja kuomba mkopo, salio lake halifiki, ana SMS ya benki mkononi inasema alilipa. Nikakimbilia bakapu ya kampuni ya hosting, ilikuwa ya Jumapili ya wiki iliyopita, na malipo yale matatu yaliingia Jumatano. Nilikaa pale mbele ya mama nikiwa natokwa jasho na feni inazunguka. Mama akanyanyuka taratibu, akafungua droo, akatoa kaunta buku, ile ya kwaya nne, akaifungua katikati na kuniwekea mezani. Kila malipo yaliyoingia kayaandika kwa kalamu ya bluu, tarehe, jina, kiasi, namba ya muamala, na pembeni tiki nyekundu kwa yale aliyoyahakiki. Mfumo wangu una miezi nane na yeye hajawahi kuacha kuandika, na mimi sikuwahi kuuliza. Nikasoma kwa sauti, yeye akawa anafuatisha kwa kidole, tukayaingiza matatu upya kwa mkono.

Nilichobadilisha siku ile ile, kabla sijatoka: kichujio kikificha mstari kinaondoa na tiki yake. Pale kwenye kitufe pana namba inayobadilika kila unapotiki. Ule ujumbe wa "Una uhakika" niliufuta, badala yake yanakuja majina yenyewe na kiasi, mstari kwa mstari, na chini jumla, kwa sababu mtu akiulizwa kama ana uhakika siku zote anao. Na Futa haifuti tena, inabadilisha hali tu na kuandika nani kafanya na saa ngapi, mistari iko palepale inangoja.

Siku hizi nikipita pale naangalia anavyofanya. Anatiki kwenye daftari kwanza. Halafu anatiki kwenye skrini. Halafu anasoma namba iliyo kwenye kitufe, anarudi kwenye daftari kuhesabu tiki nyekundu kwa ncha ya kalamu, moja, mbili, tatu, zikilingana ndo anabonyeza.

Wiki iliyopita walinunua tablet. Nilikuwa sokoni nachagua nyanya, simu ikaita. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, sasa hii tablet ni nzuri sana, nyepesi, ila nimeizungusha kote, Shift yake iko wapi?

Nimemwambia nitakuja Alhamisi. Nimeshaanza kuandika kitufe cha "kuanzia hapa mpaka hapa", mpaka sasa kinatiki wa kwanza na wa mwisho, wa katikati wanakiangalia tu.